Kuhama mkoa: mali itangulie, familia ifuate

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025 kati ya Kigongo na Busisi, wafanyabiashara wengi wa Mwanza wamekuwa wakipiga hesabu moja. Kivuko hakipo tena kati yao na Geita. Foleni ya malori iliyokuwa ikila nusu ya siku imekwisha. Kwa hiyo mwenye duka la Makoroboi au Mlango Mmoja, ambaye biashara yake imedorora, anajiuliza kama wakati haujafika wa kufunga duka, kupakia vyombo kwenye Fuso na kuihamisha familia nzima kwenda kule kwenye dhahabu.

Swali hilo ni halali. Lakini jibu ambalo wengi wanalikimbilia ni la hatari kwa mtaji mdogo. Daraja hilo lenye urefu wa kilomita 3 halikuongeza sababu ya kuhamisha watoto kwenda Geita, limeipunguza. Zamani aliyetaka kuuza Geita alilazimika kukaa Geita, kwa sababu kwenda na kurudi kulitegemea kivuko. Leo anaweza kuuza Geita na watoto wake wakaendelea kulala Nyakato au Buhongwa.

Mali inaweza kulifuata soko kila linakokwenda, na lisipokuwepo ikarudi. Familia haihami hivyo. Ina shule, ina wagonjwa, ina akina mama wenye biashara zao, ina majirani wanaokopeshana. Anayehamisha vyote kwa siku moja anaweka rehani kila alicho nacho kwa soko asilolijua bado.

MIKOA MIPYA, MVUTO MKUBWA

Mvuto wa Geita si ndoto. Geita na Simiyu zilitangazwa kuwa mikoa Machi 2012, na tangu hapo ofisi, barabara, benki na watumishi vimeongezeka katika miji yake mikuu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 1.7 katika Mkoa wa Geita. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya milioni 2.9. Mkoa wa Mwanza nao ulitoka milioni 2.7 hadi karibu milioni 3.7, lakini ni dhahiri kwamba Geita imekua kwa kasi zaidi.

Watu wote hao wanakula, wanavaa na kujenga. Mgodi wa Geita, ambao ndio mkubwa kuliko yote ya dhahabu nchini, umekuwa ukizalisha tangu 2000. Soko la madini la kwanza nchini lilifunguliwa mjini Geita Machi 2019, na wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa na Mgusu wakapata mahali halali pa kuuzia. Mwenye kuuza mabati, viatu vya kazi, pampu za maji, mchele au simu hawezi kulipuuza soko la namna hiyo.

Watu wa Kanda ya Ziwa si wageni wa kuhama pia. Katika miaka ya 1940 na 1950 Wasukuma wengi walitoka Kwimba, Maswa na Mwanza wakavuka kwenda Geita, wakati serikali ya kikoloni ilipofyeka misitu ya mbung'o na kufungua ardhi. Walihama na ng'ombe wao, wake zao na mbegu zao, na wengi walifanikiwa. Wajukuu wao ndio wenyeji wa Geita leo.

Lakini kuna tofauti ambayo watu huisahau. Wazee hao walifuata ardhi. Ardhi inalimwa msimu huu na msimu ujao, na pamba ikikosa bei mihogo inaliwa. Anayehama sasa kufuata duara la dhahabu anafuata kitu ambacho kinaweza kwisha kabla mtoto hajamaliza shule.

Mfano haupo mbali. Mgodi wa Buzwagi, nje kidogo ya mji wa Kahama, ulianza kuzalisha 2009 ukafungwa 2021. Mtoto aliyezaliwa mwaka mgodi unaanza alikuwa na miaka 12 ulipofungwa. Mzazi aliyehamia pale kwa ajili ya mishahara ya mgodi huo peke yake alilazimika kutafuta riziki nyingine wakati ambapo mtoto wake anaingia sekondari na gharama zinapanda.

SOMO LA SANGARA

Yasisemwe haya ya dhahabu peke yake. Mwanza yenyewe ilipata somo lake kwa samaki. Katika miaka ya 1990 sangara alikuwa dhahabu ya ziwa. Viwanda vya minofu vilijengwa ufukweni, vijana wakaacha mashamba, na pesa ikatembea kuanzia Igombe hadi Musoma. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu ya uvuvi wa sumu. Mnunuzi mmoja mkubwa alipofunga mlango, ufuko wote ulitetemeka.

Nani aliumia zaidi? Ni yule aliyekuwa katika kijiji au mji wenye kazi moja tu. Aliyekuwa Mwanza mjini alikuwa na pa kujishikiza: alihamisha mtaji kwenda kwenye nafaka, mitumba au usafirishaji, na dagaa waliendelea kwenda Kongo, Rwanda na Burundi kupitia Mwaloni Kirumba. Aliyejenga nyumba karibu na mwalo kwa kutegemea sangara tu hakuwa na pa kugeukia.

Musoma ilipata pigo la aina hiyo mara mbili. Kiwanda cha nguo cha Mutex kilisimama, na baadaye viwanda vya samaki vikafungwa kimoja baada ya kingine samaki walipopungua. Mji ule umebaki mtulivu, wenye hewa nzuri na watu waungwana, lakini mwenye duka anajua kwamba utulivu haulipi pango.

KUHESABU MIGUU YA MJI

Kwa hiyo kabla ya kuuliza pango ni shilingi ngapi, mfanyabiashara ahesabu mji anaoutaka unasimama kwa miguu mingapi. Mguu ni chanzo cha fedha kinachoweza kuendelea hata kingine kikianguka. Mji wa mguu mmoja unafaa kwa kuuzia. Kwa kulea watoto, mji uwe na miguu mitatu au zaidi.

Geita ina mguu mmoja mnene sana, ambao ni dhahabu. Ina kilimo cha mpunga, mahindi, mihogo na mananasi, na kwa upande wa Chato kuna uvuvi. Hata hivyo fedha nyingi ya mjini inatokana na mgodi mkubwa na wachimbaji wadogo. Bei ya dhahabu ikiwa juu, kila kitu kinauzika. Mwamba ukikosa dhahabu kwa miezi mitatu, madaftari ya madeni ndiyo yanayojaa.

Bariadi, makao makuu ya Simiyu, inasimama kwa pamba na ng'ombe. Simiyu ndiyo inayoongoza kwa pamba nchini. Pamba hununuliwa kuanzia katikati ya mwaka, na miezi hiyo Bariadi huchangamka kweli kweli. Fedha ya pamba ikishakwisha mikononi mwa wakulima, mfanyabiashara husubiri. Anayeuza baiskeli, vitenge, mabati na sola atapata faida yake kwa miezi minne au mitano, na inampasa awe na akiba ya kula miezi iliyobaki.

Bukoba ina kahawa ya robusta, ndizi, na mpaka wa Mutukula unaoiunganisha na Kampala. Ni miguu mitatu, ingawa ndizi ziliyumbishwa na ugonjwa wa mnyauko ulioingia Kagera mwaka 2006. Tatizo la Bukoba kwa mtu wa kutoka Mwanza ni ardhi na umbali. Vibanja vingi ni vya ukoo, na mgeni hupata cha kununua kwa shida na kwa maswali mengi. Kwa umbali, familia nyingi za Mwanza na Bukoba hazijaisahau MV Bukoba iliyozama 21 Mei 1996 karibu na Mwanza ikiwa imejaa watu, wakiwemo wafanyabiashara wengi. Siku hizi njia ya barabara kupitia Geita na Biharamulo imerahisishwa na daraja, lakini bado ni safari ya kutwa.

Kahama haioni ziwa, ila inakunywa maji yake, kwa sababu bomba la Ziwa Victoria linaloanzia Ihelele, wilayani Misungwi, linafika huko. Mji huo una mpunga unaonunuliwa na Warundi, Wanyarwanda na Waganda. Una barabara kuu ya malori kutoka Isaka kwenda Rusumo na Kobero. Una dhahabu ya Bulyanhulu na ya wachimbaji wadogo. Ulipofungwa mgodi wa Buzwagi 2021, Kahama haikufa. Mwaka huo huo ilipandishwa kuwa manispaa, na soko la mchele liliendelea kama kawaida. Huo ndio ushahidi wa miguu mingi: mmoja ulikatika na mji ukabaki umesimama.

Mwanza nayo isidharauliwe na watu wake. Ina samaki na dagaa, ina bandari, ina maduka ya jumla yanayolisha mikoa yote ya kanda, ina Hospitali ya Bugando, ina Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino na vyuo vingine, na tangu Juni 2021 ina kiwanda cha kusafishia dhahabu. Reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341, nayo iliwekewa jiwe la msingi mwezi huo huo pale Fela. Dhahabu ya Geita, pamba ya Bariadi na dagaa wa Ukerewe vyote huacha sehemu ya fedha yake Mwanza. Anayelalamika kwamba Mwanza imebana huenda amebanwa na mtaa wake au bidhaa yake, wala si jiji.

Kwa mizani hiyo, mwenye nia ya kweli ya kuiondoa familia Mwanza aitazame Kahama kabla ya Geita. Anayetaka fedha ya Geita aifuate kwa mali, na watoto wabaki walipo mpaka hesabu ya mwaka ionekane.

HESABU YA SHILINGI

Ichukuliwe familia ya baba, mama na watoto watatu, yenye mtaji wa shilingi milioni 20 katika duka la vifaa vya ujenzi. Tarakimu zinazofuata ni za kuonyesha njia tu. Kila mtu aweke za kwake.

Wakihama wote kwa pamoja, fremu ya shilingi 200,000 kwa mwezi italipiwa miezi sita mbele, yaani milioni 1.2. Kilemba cha fremu milioni 1. Nyumba ya 150,000 kwa miezi sita ni 900,000. Usafiri wa vyombo na mali 800,000. Sare, michango na mahitaji ya shule mpya 600,000. Rafu, rangi, umeme na leseni milioni 1. Miezi miwili ya mwanzo, wateja wakiwa bado hawajalijua duka, familia itakula kutoka kwenye mtaji. Hiyo ni 800,000. Jumla ni milioni 6.3. Karibu theluthi ya mtaji imekwenda kabla duka halijapata wateja wake.

Wakitanguliza mali, mambo huwa tofauti. Duka la Mwanza linabaki chini ya mama. Mali ya milioni 6 inapelekwa Geita kwenye fremu ndogo ya 100,000 kwa mwezi, ambayo kwa nusu mwaka ni 600,000. Chumba cha baba cha 50,000 ni 300,000. Nauli ya kurudi nyumbani kila wiki, ikiwekwa 60,000 kwa kwenda na kurudi, ni milioni 1.56 kwa wiki 26. Leseni na matengenezo madogo 500,000. Jumla haifiki milioni 3.

Tofauti kubwa zaidi inaonekana mambo yakiharibika. Wa kwanza akishindwa hana pa kurudi. Fremu yake ya Mwanza ina mtu mwingine, nafasi za watoto shuleni zimechukuliwa, na theluthi ya mtaji imeliwa. Wa pili akishindwa anapakia mali iliyobaki kwenye pikapu, anavuka daraja, na jioni anakula nyumbani kwake. Amepoteza fedha, lakini duka mama bado linauza.

GHARAMA ISIYOANDIKWA DAFTARINI

Wanaume wengi wakipiga hesabu ya kuhama huandika pango, usafiri na mali. Biashara ya mama watoto hawaiandiki. Mama huyo ana meza ya dagaa Kirumba, au genge la nyanya Igoma, au cherehani barazani. Kila siku anatoa mboga, unga na nauli ya shule. Ana hisa zake katika kikoba. Ana mchuuzi anayempa mali kauli kwa sababu anamfahamu miaka minane.

Siku familia inapohama, yote hayo hufikia sifuri kwa pamoja. Dagaa wanapatikana kila mahali, lakini imani ya mchuuzi haipakiwi kwenye Fuso. Kikoba kitamrudishia akiba yake, kisha huko aendako ataanza upya miongoni mwa wanawake wasiomjua. Inaweza kumchukua mwaka mzima kabla hajaanza tena kuleta unga nyumbani. Fedha hiyo ambayo haikuandikwa popote ndiyo mara nyingi inayoamua kama familia itahimili.

Mali kauli inamgusa na baba pia. Mwenye duka dogo Mwanza haendeshi biashara kwa fedha yake yote. Sehemu kubwa ya mali dukani ni ya wenye maduka ya jumla waliompa kwa ahadi. Akiwa mjini wanamwona. Akihama na familia nzima, wa kwanza kupata wasiwasi ni wao, na wasiwasi wa mdai humaanisha mali inatakiwa kulipiwa taslimu. Akiacha duka na familia Mwanza, ahadi yake bado ina dhamana mbele ya macho yao.

Shule nayo si jambo dogo. Elimu bila ada ilianza Januari 2016 hadi kidato cha nne, kwa hiyo ada ya shule ya serikali si kikwazo. Kikwazo ni nafasi. Miji inayokua haraka hujaza madarasa kuliko inavyoyajenga. Mzazi aende mwenyewe akachungulie darasa ambalo mtoto atakaa, ahesabu madawati, na apate uhakika wa nafasi kabla ya kuomba uhamisho. Mtoto wa darasa la saba au kidato cha nne asihamishwe katikati ya mwaka kwa sababu yoyote ya biashara.

Kwa familia yenye mgonjwa wa kudumu au mzazi mzee, Bugando ina uzito wake. Geita sasa ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda kule Chato, na hilo ni jema. Lakini kliniki ya kila mwezi ambayo mgonjwa ameizoea ina thamani, na kuibadilisha kuna gharama.

WANAOPINGA WANA HOJA

Wapo watakaosema kwamba familia iliyogawanyika ni hasara vilevile. Wana hoja. Baba akikaa machimboni mwezi baada ya mwezi, anaweza kuanzisha matumizi ya pili ambayo hayaingii kwenye daftari lolote. Nyumba ndogo zimekula mitaji mingi ya Kanda ya Ziwa kuliko ushuru wa halmashauri. Watoto nao wanaokuwa bila baba hawaoni faida ya duka la pili.

Ndiyo maana utaratibu huu usiwe wa kudumu. Uwe wa mwaka mmoja, na tarehe ya mwisho iandikwe na kukubaliwa na wote wawili. Baba arudi kila wiki. Daraja limeondoa kisingizio. Hesabu ya duka la pili isomwe nyumbani kila mwezi, mama akiwepo, kwa sababu mtaji ni wa wote.

Mwaka mzima ni wa lazima, kwa sababu soko la Kanda ya Ziwa lina sura nyingi. Kuna miezi ya mavuno ya mpunga na ununuzi wa pamba, ambapo hata duka baya huuza. Kuna Desemba. Kuna Januari ya shule, na kuna miezi ya njaa kabla ya mavuno mapya. Aliyelipima soko la Geita kuanzia Juni hadi Septemba amepima sherehe. Apime pia Februari.

Mwisho wa mwaka maswali yawe matatu. Je, duka la pili limelipa pango lake, nauli na chakula cha mwenye duka bila kuchukua shilingi kutoka Mwanza? Je, mauzo ya miezi mibaya yalifika angalau nusu ya miezi mizuri? Je, mama amekwishaona huko biashara ambayo ataifanya, na watu wa kuifanya nao? Majibu yakiwa ndiyo kwa yote matatu, familia ihame bila hofu. Jibu la tatu likiwa hapana, wasubiri, hata kama mauzo ni mazuri.

KIWANJA NA NYUMBA

Kosa kubwa kuliko yote ni kuuza nyumba ya Mwanza ili kupata mtaji wa kuhamia. Nyumba ya Mwanza ipangishwe. Kodi yake ndiyo itakayolipa pango la huko waendako, na mambo yakigoma kuna pa kurudi. Nyumba iliyouzwa kwa haraka huuzwa kwa bei ya mnunuzi.

Vilevile mgeni asinunue kiwanja mwaka wa kwanza. Bei ya mji wa madini hupanda dhahabu inapopanda, na mgeni hupewa bei ya juu kwa sababu hajui mitaa. Apange kwanza, ajue maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, ajue barabara ipi inakatika mvua zikinyesha, ajue mpaka wa leseni ya mgodi uko wapi. Kiwanja kilicho ndani ya eneo la leseni kinaweza kuleta kesi isiyokwisha.

Anayevutiwa na ufuko, iwe Sengerema, Chato, Magu au Musoma, akumbuke sheria ya mazingira ya 2004, ambayo inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ziwa lenyewe limekuwa likitoa onyo. Mwaka 2020 maji yalipanda hadi kufikia viwango vya miaka ya 1960, na mwaka 2024 yakapanda tena. Nyumba, magati na mashamba ya waliojenga karibu mno yaliingia majini, na hakuna mnunuzi wa nyumba iliyo ndani ya maji.

NG'AMBO YA MPAKA

Wengine hutazama mbali zaidi, wakasema kwa nini Geita na si Kisumu, Jinja au Kampala? Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwepo tangu 1 Julai 2010, na mtu anaweza kuvuka Sirari au Mutukula kwa urahisi kuliko zamani. Lakini kuvuka kwenda kuuza ni jambo moja, na kuvuka na familia ni jingine. Mtanzania akikaa Kenya ni mgeni mwenye kuhitaji kibali, na katiba ya nchi hiyo ya 2010 haimpi mgeni ardhi zaidi ya upangaji usiozidi miaka 99.

Tanzania nayo Julai 2025 ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, ikiwemo rejareja, na wafanyabiashara wa Kenya walilalamika sana. Mlango unaoweza kufungwa upande huu unaweza kufungwa na upande wa pili. Kwa mfanyabiashara mdogo, Kisumu na Kampala ni masoko mazuri ya dagaa, mchele na nafaka. Watoto wakae mahali ambapo mzazi hahitaji kibali cha kuendelea kuishi.

NENO LA MWISHO

Hakuna ubaya katika kuhama. Kanda ya Ziwa imejengwa na watu waliohama, na Mwanza imejaa wenyeji wa Ukerewe, Kagera, Mara na kwingineko waliofika na sanduku moja. Lakini waliofanikiwa, ukiwauliza vizuri, wengi walikuja kwanza wenyewe, wakalala kwa ndugu, wakalijua soko, kisha ndipo wakaita familia.

Daraja la Kigongo limewapa wafanyabiashara wa leo nafasi ambayo wazee wao hawakuwa nayo: kujaribu mkoa mwingine na kurudi nyumbani wiki ile ile. Ni upotevu kuitumia nafasi hiyo kama njia ya kwenda tu. Mwenye duka atume mali Geita mwezi huu ikiwa soko linamvuta. Aandike kila shilingi inayoingia na kutoka kwa miezi kumi na miwili, mbele ya mwenzake. Vyombo vya ndani vibaki mahali pake mpaka daftari hilo lifike ukurasa wa mwisho.